Hesabu ya Kinywa

Baba ana miaka themanini na mmoja
na meno kumi na saba.
Niliyahesabu Jumapili kwa tochi ya simu,
yeye kaegemea ukuta wa jiko,
kinywa wazi kama kinda la ndege,
macho yakinikaripia.

Sita ya chini hayamo katika deni hili.
Hayo yalitoka mwaka ule Nyando ilipofurika,
kwa kisu bapa cha fundi kutoka Nyakach,
naye mvulana wa miaka kumi na mitatu
hakupepesa, hakulia,
akatema damu shimoni, akainuka mtu.
Mpaka leo akicheka, pengo lile
ni mlango wa nyumba yenye heshima.

Lakini haya mengine?
Hakuna aliyeyapigia vigelegele.
Yanahama usiku kama wapangaji wenye madeni:
jino moja kwenye ugali,
moja kwenye mfupa wa ngege,
moja tulilikuta juu ya mto wa kulalia,
jeupe, refu, halina hata tundu.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Jino zima linaangukaje?

"Msilaumu jino," alisema Daktari Nangila, kule Kisumu.
"Jino ni nguzo. Mchwa wamo udongoni."
Akampa kioo ajionee:
ukoga uliogeuka jiwe,
fizi zimerudi nyuma kama ziwa mwaka wa kiangazi,
mizizi imebaki nje.
Na kile kisukari chake, akasema,
kinaumiza fizi, na fizi zinakichochea kisukari;
wanalishana hao wawili, mezani kwako, mzee.

Miaka thelathini na minne
Baba alipima miwa kwenye mizani ya Muhoroni.
Aliimenya kwa magego, tangu jua la kwanza.
Chai vijiko vitano.
"Sukari ni yetu wenyewe," alizoea kusema,
"tuogope nini?"

Siku ile hakusema lolote hadi tulipofika Ahero.
Akageuza uso kwenye mashamba ya mpunga:
"Yale sita niliyatoa, binti yangu.
Haya naibiwa."

Nikamnunulia mswaki laini, wa watoto,
mpini una picha ya sungura.
Akautazama kama hati ya kushtakiwa.
Nikamfundisha, mimi aliyenifundisha kufunga kamba za viatu:
si kwa hasira, Baba, hii si sufuria ya githeri,
miduara midogo, pole,
pale jino linapokutana na nyama.
Damu ikatoka. Akataka kuacha.
Nikamwambia alivyosema daktari: ikitoka, usikimbie,
ufizi mgonjwa hulia ukiguswa
na huoza ukiachwa.

Shangazi Dorsila alikuwa mlangoni, akicheka.
Yeye ana ya bandia;
huyavaa kanisani, huyavua akila.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walinena wahenga,
na Shangazi anaapa kwamba wahenga nao
walijaribu kula omena nalo.
Nimemwekea kikombe chake cha bluu:
usiku yalale majini, Shangazi,
nawe lala na ufizi wako, upumue.
Anasema nimekuwa askari wa vinywa.
Na iwe hivyo.

Wiki ya tano sasa.
Jioni, kuku wakishapanda,
nasikia beseni, nasikia maji,
kisha sauti yake, nzito, ikihesabu kwa ncha ya ulimi:
achiel, ariyo, adek...
anapotea njiani, anaanza upya,
hadi apar gabiriyo.
Leo pia ni kumi na saba.

Ananiita nije na tochi.
Povu, maji, na uzi mmoja mwembamba
wa rangi ya waridi.
"Imepungua?"
Imepungua, Baba.
"Basi niletee muhindi wa kuchoma."
Wa kuchemsha, namwambia.
Ananitazama kwa muda mrefu,
halafu ananionyesha pengo.